Mama Nisimulie Aachia Kiti cha Zamu

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa nane kamili mchana, Mama Nisimulie atastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha kusafisha maji kwa miaka thelathini na minne na siku kumi na moja. Hizo siku kumi na moja amenisisitizia nisiziache. Anasema kila mojawapo aliiamkia saa kumi alfajiri, kwa hiyo haoni sababu ya kuzitoa sadaka.

Ofisi iliniomba niandike maneno mia tatu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, ikanikumbusha kwa upole kwamba mambo ya tangi la tatu yameshaandikwa kwenye ripoti na hayana haja ya kurudiwa. Nimejaribu. Nilifika maneno mia mbili na tisini nikiwa sijasema lolote la kweli, nikaona bora nimwombe Mungu aipe ofisi uvumilivu, mimi niandike ninavyojua. Ni mimi ninayempokea zamu huyu mama kwa miaka kumi na tisa sasa, na ni mimi nitakayekirithi kiti chake. Hilo la kiti ndilo linalonisumbua. Kituo kizima kinauliza kama desturi yake itabaki hapo kitini au itapanda gari pamoja naye Ijumaa, na wanaponiuliza wananitazama usoni.

Alianza kama mfagiaji wa nyumba ya pampu. Wakati ule waendesha mitambo walikuwa wanaume watupu, na walidhani mwanamke mwenye ufagio hana masikio. Kumbe alikuwa anasikiliza. Mwaka haukuisha alishajua kwamba pampu ya pili hukohoa kabla haijaugua, kwamba ya kwanza hunguruma ikiwa na njaa ya grisi, na kwamba mwendesha mitambo wa asubuhi hukoroma kwa sauti inayofanana kabisa na pampu ya tatu. Siku moja pampu ya tatu ilizima na kwa robo saa nzima hakuna aliyegundua, kwa sababu yule bwana alikuwa anaendelea. Mfagiaji ndiye aliyewaambia. Wakampeleka mafunzo ya miezi sita, nadhani kwa aibu zaidi kuliko kwa mpango.

Jina la Nisimulie alilipata mwaka wake wa tatu kwenye kiti. Siku hiyo alimkabidhi zamu mwenzake mmoja, akamweleza valvu zipi zimefungwa na zipi ziko wazi. Mwenzake aliitikia ndiyo mara saba. Mama alizihesabu. Kisha yule bwana akashuka akafungua valvu ya nane, ambayo haikutajwa, na maji yakaingia stoo. Magunia sitini ya shabu, ile dawa ya kutuliza tope, yaliyeyukia sakafuni, na mkuu wa kituo wa enzi hizo akaonekana akivikimbilia viatu vyake vya ofisini vilivyokuwa vinaelea kuelekea getini. Kwenye kikao cha uchunguzi Mama aliapa kwamba alisema, mwenzake akaapa kwamba alisikia. Wote wawili walikuwa wakweli, na hilo ndilo lililomtisha.

Tangu hapo akaigeuza zamu. Watu wote wanaofanya kazi kwa zamu hufanya hivi: anayetoka anamweleza anayeingia, kisha anachukua begi lake. Mama hapana. Kwake anayeingia ndiye anayemsimulia anayetoka. Unafika mapema, unazunguka mitambo kwa miguu yako, unasoma daftari, unapanda ngazi hadi chumba cha kuongozea mitambo, unasimama mbele ya kile kiti cha chuma chenye mto alioshonewa na mumewe, naye anakuambia, "Haya, nisimulie." Unamsimulia nini kinazunguka, nini kimesimama na kimesimama kwa nini, nani yuko wapi, na nini kinaweza kuharibika kabla jua halijazama. Ukikosea hakukaripii. Anakaa tu. Hainuki mpaka picha iliyo kichwani mwako ifanane na iliyo kichwani mwake, na pale zinapotofautiana mnashuka wote wawili kwenda kuangalia nani kakosea. Wakati mwingine anakuwa yeye, na siku hizo hufurahi kupita kiasi.

Miaka ya mwanzo nilimchukia kidogo, nisiseme uongo. Siku moja nilifika nimechoka, nikamwambia, "Mama, nenda tu nyumbani, Mungu atatulinda." Akanijibu, "Atatulinda, mdogo wangu. Lakini Yeye anajua valvu ipi imefungwa. Nataka kujua kama wewe unajua." Nimekaa kwenye ibada nyingi maishani mwangu, tena mstari wa mbele, na ni maneno machache yaliyonikaa moyoni kama hayo.

Nyumbani kwake mambo ni yaleyale. Mume wake, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa utani, anasema akitumwa sokoni havuki kizingiti kabla hajasimulia alichotumwa. Mkwe wao alipokuja kuposa alisimulishwa alichoambiwa mpaka wazee aliokuja nao wakaomba maji ya kunywa. Ndoa hiyo ina miaka tisa. Mkwe mwenyewe anasema katika rafiki zake wote ni yeye peke yake aliyejua anachokubali.

Miaka mitatu iliyopita tulipata mkuu mpya wa kituo, mtu mpole na msomi, ambaye kwa mapenzi tunamwita Bwana Grafu, kwa kuwa hata ukimuuliza mama yake anaendeleaje huchora mstari hewani. Bwana Grafu alipima makabidhiano ya zamu kwa saa yake ya mkononi. Wengine tulitumia dakika mbili. Mama alitumia kumi na nne. Haukupita mwezi tukaletewa Mfumo wa Ufahamu wa Pamoja.

Mfumo ulizinduliwa kwa keki, fulana na bango refu. Bango liliandikwa SOTE TUNAONA, na lilitundikwa kwenye dirisha la chumba cha kuongozea mitambo, ambalo ndilo dirisha pekee tulilokuwa tunaonea matangi. Lilikaa hapo miezi minne. Mshauri alikuja na kalamu ya mwanga mwekundu, akachora duara tatu ukutani: Kuona, Kuelewa, Kutazamia. Akasema timu nzuri ni ile ambayo duara za kila mtu zimelaliana na za mwenzake. Ni maneno ya kweli, na Mama aliyakubali kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono akauliza mtu atajuaje kwamba zimelaliana. Mshauri akasema hilo liko kwenye awamu ya pili.

Tukapata skrini kubwa yenye taa za kijani. Tukapata kitufe kinachoitwa Nimepokea, ambacho kilishusha makabidhiano hadi sekunde tisa. Kile kibao cha mbao cha MTU NDANI, tulichokuwa tunakitundika kwenye swichi fundi akiingia tangini, kikapelekwa stoo kwa maelezo kwamba skrini haina msumari. Tukapata Kamati ya Ufahamu, ambayo kikao chake cha kwanza hakikufanyika kwa sababu wajumbe hawakuwa na habari nacho. Na tukapata kundi la simu la watu arobaini na mmoja, ambamo kila taarifa ya kituo ilipaswa kupita. Mama hakuingizwa, kwa kuwa simu yake ni ya vitufe na haipokei kitu kisichoweza kusemwa.

Yeye akapewa barua. Ilisema kwamba makabidhiano ya masimulizi ndani ya chumba cha kuongozea mitambo yamesitishwa, na kwamba zamu itahesabiwa imepokelewa pindi kitufe kikibonyezwa. Mama aliisoma mara mbili, kisha akaomba nimsimulie inasemaje ili tuhakikishe tumeielewa sawa. Akaitii neno kwa neno. Kuanzia kesho yake nilikuwa nabonyeza kitufe ndani ya chumba, halafu tunatoka kwenda kusimuliana kwenye ngazi.

Sasa nifike pale ambapo ofisi ilitaka nisifike.

Fundi bomba wetu mrefu, huyu mnayemwita Twiga, ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu wa tumbo moja. Kazi hii nilimtafutia mimi. Viatu vyake vya kwanza vya kazi nilimnunulia mimi, kwa sababu stoo haikuwa na namba yake. Na jambo la pili mnalopaswa kulijua ni jinsi tangi la chujio linavyooshwa. Ndani yake kuna mchanga unaofika kiunoni, na chini ya mchanga kuna vichwa vya mabomba. Mchanga ukichafuka, maji na hewa vinasukumwa kutoka chini kwenda juu kwa nguvu. Kwa dakika chache mchanga wote unageuka uji. Mtu aliyesimama juu yake hasimami tena juu ya kitu. Ukuta ni urefu wa watu watatu, na uoshaji ukianza kuunguruma hakuna anayesikia sauti ya mtu.

Jumatano moja, kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi, kundi letu lilipokea jumbe sitini na tatu. Saa moja na dakika arobaini kiongozi wa mafundi aliandika: "Twiga yupo ndani ya tangi la tatu anabadilisha vichwa vya chini mpaka saa tisa. Tangi lisioshwe." Dakika hiyohiyo iliingia picha ya ua jekundu lenye umande, na maneno: "Siku yako ijae neema."

Ua lile nilituma mimi. Nilikuwa natuma kila asubuhi, nikiamini ni huduma.

Watu wakaanza kuliitikia ua, na majibu yao yakajaa chini ya ujumbe wa fundi. Amina. Amina. Amina kubwa. Dada mmoja wa ofisi ya mbele akaandika Mungu amtangulie. Madole gumba yakawa kumi na tisa. Kwa hesabu ya Mfumo, kufika saa mbili watu thelathini na wanane walikuwa wamefahamishwa kwamba shemeji yangu yuko ndani ya tangi, nami nikiwa mmoja wao. Skrini, ambayo haisomi kundi, iliandika kwamba tangi la tatu ni kavu na liko tayari, na kwamba litaoshwa lenyewe saa nane na nusu mchana. Taa ilikuwa ya kijani.

Nilifika kazini saa nane kasoro dakika kumi, nikabonyeza Nimepokea, tukatoka kwenye ngazi. Nikasimulia. Pampu ya kwanza na ya tatu zinazunguka, ya pili imepumzishwa kwa sababu ya kikohozi chake, klorini mitungi miwili, mto umepanda kidogo, tope litaongezeka jioni.

"Na tangi la tatu ni kavu, litaoshwa saa nane na nusu," nikamalizia, na mkono wangu ulikuwa umeshashika kitasa.

"Limekaushwa kwa nini?" Mama akauliza.

"Mfumo unasema liko tayari."

"Sijauuliza mfumo. Nani kalikausha, na kwa kazi gani? Nimelikuta kavu alfajiri, yule niliyempokea kabonyeza kitufe chake kakimbilia usafiri. Nimeuliza tangu saa nne, naambiwa iko kwenye kundi, Mama. Wewe uko kwenye kundi."

Nikafungua simu. Nikapandisha, nikashusha. Nilichokiona ni ua langu, na chini yake msururu wa Amina.

"Linasemaje?"

"Linasema siku ijae neema, Mama."

Hakucheka. Alinitazama kama anavyoitazama pampu inapobadilisha sauti. "Basi wewe hujui, na mimi sijui," akasema. "Watu wawili wanaoongoza mitambo, hawajui. Twende."

Nataka msomaji aelewe jambo hili, kwa sababu watu wanapolisimulia huliharibu. Wanasema Mama aligundua. Mama hakugundua kitu. Hakuwa na ndoto wala hisia wala macho ya kupita ukuta. Alichokuwa nacho ni tundu moja katika masimulizi yangu, na lilikuwa tundu lilelile lililokuwa katika yake, naye hakukubali tuliruke. Mimi peke yangu ningeliruka. Nilikuwa nimeshaliruka.

Ngazi zile zina vidato hamsini na nane, na Mama ana goti bovu, kwa hiyo tulishuka kwa mwendo wa goti. Njiani nilimlalamikia. Nilimwambia kwamba kitufe kimeshabonyezwa, zamu ni yangu, yeye aende akapumzike. Akasema, "Lalamika huku unatembea."

Tulifika ukingoni saa nane na dakika kumi na tisa. Nikainamia ndani. Kitu cha kwanza nilichokiona ni soli za viatu, na soli zile nilizijua. Twiga alikuwa amelala kifudifudi juu ya mchanga, mkono mmoja umezama mpaka begani, anaimba wimbo wa ibada. Anaimba sauti ya pili, peke yake, bila ya kwanza.

Mama aliniambia maneno manne tu. "Panda. Zima. Kaa hapo."

Nilivipanda vidato hamsini na nane nikiwa na miaka hamsini na moja na kitambi. Nikafika kwenye skrini, ikataka nywila. Nikaiandika, nikakosea, nikaiandika tena. Skrini ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Skrini ikaniambia nichague sababu ya kuahirisha katika orodha, na orodha ilikuwa na sababu tano: siku ya mapumziko, mvua, umeme, matengenezo yaliyoidhinishwa, mengineyo kwa maelezo yasiyopungua herufi hamsini. Mtu hakuwemo. Nikachagua siku ya mapumziko, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu. Taa ikabaki kijani. Maandishi chini yake yakasema: Imeahirishwa. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

Nilikaa hapo kama nilivyoagizwa. Nikajaribu kusali, maneno hayakuja hata moja, mimi ninayeyatuma kwa watu arobaini na mmoja kila asubuhi. Nilikuwa namfikiria mke wangu, na jinsi ambavyo ningemtokea mlangoni, na kwamba angeniuliza, kwani hamkujua yuko humo? Na mimi ningemjibu kwamba tulijua wote.

Huko chini Mama alikuwa amemwita Twiga kwa sauti ya kawaida, asije akashtuka akaumia. Twiga aliinua uso. "Mama, chai tayari?" akauliza. "Tayari, baba, panda upesi," akajibiwa. Akachukua kikombe chake, akapanda ngazi ya tangi taratibu, na kwa kweli alikuwa na haki ya kuikuta hiyo chai, kwa hiyo Mama akaenda naye jikoni akamchemshia. Hakumwambia lolote mpaka alipomaliza kunywa, na hata hapo alimwambia tu kwamba kuanzia sasa akiingia tangini aje kwanza kwenye ngazi amwambie mdomo kwa mdomo. Twiga aliitikia. Akaambiwa asimulie. Akasimulia.

Hatari yenyewe aliijua saa kumi, kwenye simu. Kiongozi wa mafundi aliandika kwamba mwenzetu mmoja ameponea chupuchupu tangi la tatu, tumshukuru Mungu. Twiga akaandika Amina. Ilimchukua kama dakika mbili kugundua kwamba mwenzetu ni yeye, na hapo ndipo akaketi kwenye nyasi karibu na banda la baiskeli, akanipigia simu.

Ripoti ya mwezi ule ipo ubaoni, mnaweza kuisoma. Inasema kwamba Mfumo uliahirisha uoshaji wa tangi la tatu kwa ufanisi wa asilimia mia moja kutokana na siku ya mapumziko. Mfumo ulipewa cheti, kimetundikwa pembeni mwa skrini. Barua ya Mama haikufutwa, ila ilifuatwa na ya pili, iliyoruhusu usimulizi wa hiari usiozidi dakika nne, kwa kujaza fomu nakala tatu. Mshauri naye akarudi na awamu ya pili, iitwayo Usimulizi Shirikishi, ambamo Mama alialikwa kama mshiriki wa kujifunza. Alikaa siku zote mbili, akaandika kila kitu. Mwishoni, mshauri alipouliza kama kuna swali, Mama alisema hana swali, ila angependa mshauri amsimulie kituo chetu kinavyofanya kazi, alivyokielewa yeye. Mshauri alizungumza dakika kumi na moja. Alitaja pampu saba. Tuna tatu.

Nimtendee haki Bwana Grafu. Wiki ile ya mafunzo alikuja kwenye ngazi wakati tunasimuliana, akasimama vidato viwili chini yetu na saa yake. Mama alinisimamisha mara mbili siku hiyo, mara moja kwa kosa langu na mara moja kwa lake. Tulipomaliza, Bwana Grafu aliitazama saa, akaitia mfukoni bila kuandika. Kesho yake kibao cha MTU NDANI kilirudishwa kutoka stoo, na Twiga ndiye aliyepewa nyundo akapigilia msumari juu ya ile swichi kubwa ya kuoshea matangi, pale kilipokuwa tangu mwanzo. Bwana Grafu pia ameusoma wasifu huu kabla haujapigwa chapa. Nilimtumia kwenye simu, akaniwekea dole gumba. Kwa hiyo sina hakika kama ameusoma.

Mafanikio mengine ya Mama ofisi imenipa orodha yake, nami nayataja kwa heshima. Amefundisha waendesha mitambo kumi na saba. Hajawahi kukosa zamu isipokuwa siku alizojifungua. Ni yeye aliyekuwa kwenye kiti mwaka wa mafuriko, siku tatu mfululizo, kwa sababu aliyepaswa kumpokea alikuwa upande wa pili wa mto na hakukuwa na wa kumsimulia. Mji wetu haukukosa maji hata saa moja, na sidhani kama mji unajua.

Sasa kile kiti. Mama amekuwa likizoni wiki mbili hizi za mwisho, akimalizia siku zake, na mimi ndiye ninayekikalia zamu ya asubuhi. Nilijua siku yangu itafika, na ilifika Jumanne. Saa nane kasoro dakika mbili. Mawingu meusi yalikuwa yamebana upande wa milima. Twiga alikuwa getini juu ya pikipiki, anapiga honi, anaita, "Shemeji, shuka bwana, mvua hiyo inakuja." Dada anayenipokea alipanda ngazi, akabonyeza kitufe, akavua koti, akasema, "Kila kitu sawa, kama jana."

Nilikuwa nimeshasimama. Begi lilikuwa begani. Na ilikuwa kweli, kila kitu kilikuwa kama jana, mimi mwenyewe nilikuwa nimekizunguka nusu saa iliyopita. Honi ikalia tena. Nilimwona kupitia dirishani, mrefu, amejikunja juu ya ile pikipiki ndogo, ananionyesha mawingu kwa kidole. Nawaambia kweli, ndugu zangu, miguu yangu ilishaondoka. Ilibidi niirudishe.

Nikaketi.

"Dada," nikasema, "nisimulie."

Alinitazama vibaya, nami nilimwelewa, kwa sababu nami nilimtazama mtu hivyo miaka kumi na tisa iliyopita. Akaanza. Pampu ya kwanza, pampu ya pili. Matangi, moja baada ya jingine, nani yuko wapi. Akanena taratibu, na mwishoni akawa anasimulia vizuri kabisa. Ilichukua dakika kumi na tatu. Hakukuwa na kosa hata moja. Hakukuwa na tundu, hakukuwa na mtu tangini, hakukuwa na kitu chochote ambacho sekunde tisa zisingetosha.

Nilipofika getini mvua ilikuwa inamwagika. Twiga alikuwa amelowa hadi kwenye soksi. "Ulikuwa unafanya nini huko juu?" akauliza. Nikamwambia nilikuwa nasimuliwa. Akanitazama kidogo, maji yakimtiririka puani, kisha akasogea mbele ili nipate nafasi ya kukaa.

Mama yetu, kwa niaba ya wenzangu wote, wa zamu zote, na kwa niaba ya mke wangu ambaye bado ana kaka, tunakushukuru. Mungu akupe miaka mingi ya kulala mpaka jua litoke, akuponye goti, akukalishe na mzee wako na wajukuu kwa amani. Ukitukumbuka, usiwe na wasiwasi. Pampu ya kwanza na ya tatu zinazunguka. Ya pili imepumzishwa. Matangi yote sita yana maji, na watu wote wametoka.